Paja Lililolia Katika Sala ya Alasiri

Jambo hili bado linanifanya nishike ndevu na kutazama chini, lakini kwa kuwa Rumonge nzima, mji wetu huu wa Burundi kando ya ziwa, kuanzia wauza mafuta ya mawese hadi akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wetu, ufukweni, wameshalisimulia kila mtu kwa namna yake, naona heri mlisikie kwangu mimi, mwenye paja.

Goti langu la kulia lilianza kuuma kwa mbele, pale kwenye pia, kila nilipopanda ngazi za duka au kuinuka kwenye mkeka. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisalisha katika msikiti wetu mdogo karibu na soko (alisalisha baba yangu, na kabla yake babu yangu), na wazee wenzangu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda nafasi apewe Mwalimu Yahya, kijana mwenye sauti nzuri na magoti mazuri zaidi. Dini, Alhamdulillahi, imemruhusu mgonjwa asali ameketi, na ruhusa hiyo nimewafundisha watu tangu ujana wangu. Kumbe kuifundisha ni rahisi. Mimi nilitaka wanione nikiinuka.

Nikaenda kwa Dezire, kine wa zahanati, yaani yule anayetibu viungo kwa mazoezi. Akaniambia nichuchumae, akanibonyeza paja, akatikisa kichwa.

"Muzee, hii musuli ya ndani ya paja iko inalala. Ya inje inavuta peke yake, na ya nyonga ni mvivu, haishike muguu vizuri. Ndiyo maana pia ya goti inakwaruza."

Akanibandika vibandiko vyenye nyaya juu kidogo ya goti, na kimashine akakifunga kiunoni. Kutembea tu hakukishtui, ila nikikunja goti na kubeba uzito, musuli ile ikafanya kazi yake, kinalia tii! "Ikilia, ujue imeamka," akasema. "Ufanye nyumbani, polepole." Nikakipenda. Kila siku nilichuchumaa nikishika meza, na mke wangu, Bi Zuwena, akicheka kwamba nimefuga kifaranga.

Basi siku hiyo adhana ya alasiri ikanikuta katikati ya mazoezi. Kuvibandua vile vibandiko ni kung'oa nywele za paja, nami nikajiambia kwamba nitarudi sasa hivi, sina haja ya mateso. Nikabonyeza kitufe nilichokiamini kuwa ni cha kuzima (kilikuwa cha kuongeza sauti), nikavaa kanzu juu ya mambo yote hayo, nikaenda.

Alasiri, kama mjuavyo, imamu husoma kimya, na msikiti hutulia hata unasikia nzi. Nikashuka kusujudu. Tii! Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikainuka. Tiii! Jasho likaanza kunitoka, maana Ijumaa iliyopita nilikuwa nimemkemea Hilali muuza mawese mbele ya watu kwa sababu ya simu yake iliyolia katika sala. Kufunua kanzu nizime siwezi, paja ni utupu. Kukatisha sala nako niliona aibu. Katika rakaa ya pili nikagundua kwamba nikibaki chini nimesujudu, hakilii. Basi nikabaki. Nikarefusha tasbihi, nikaomba dua zote ninazozijua, na safu nzima nyuma yangu imeweka paji la uso chini ikinisubiri.

"Subhanallah!" akasema Hilali, jinsi maamuma anavyomkumbusha imamu aliyekosea. Akafuata mwingine. "Subhanallah!"

Nikajaribu kuinuka. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, goti likakataa, nikakaza paja kwa nguvu zangu zote, na kimashine kikalia mfululizo kama lori linalorudi nyuma sokoni. Nikaanguka kwa ubavu. Ikabidi nimpungie mkono Yahya, akasogea mbele, kama sheria inavyoruhusu, akawakamilishia watu sala. Mimi nikaimaliza yangu nimeketi.

Baada ya salamu, Hilali akanisogelea:

"Mzee Nasoro, pokea basi hiyo simu, anayepiga atadhani umemkasirikia."

"Si simu, Hilali. Ni paja."

"Paja gani linapigiwa simu?"

"Lina mashine ya kine! Musuli ikiamka, inalia."

"Tuonyeshe!"

"Nifunue paja msikitini? Muogope Mungu!"

"Basi liambie lilale tena!"

Walicheka, wallahi, mpaka mzee mmoja akashika nguzo asidondoke, na kutoka nyuma ya pazia la wanawake nikasikia kicheko ninachokijua, maana naishi nacho.

Yahya peke yake hakucheka. Alichutama karibu yangu, akanishika kiwiko. "Baba, kesho nitakuwekea kiti pale mbele. Utasalisha umeketi, sisi tutakufuata."

Nilimtazama. Angeweza kunyamaza tu, na nafasi ingekuwa yake. Moyo wangu, uliokuwa umekaza kuliko paja lolote, ukalegea.

"Kiti nakikubali, mwanangu," nikamwambia. "Ila kiweke pembeni, mwisho wa safu ya kwanza. Pale mbele ni pako sasa."

"Murakoze, Baba," akanishukuru kwa Kirundi, na macho yake yalikuwa na maji.

Goti linaendelea vizuri, namshukuru Mungu, na mazoezi siyaachi. Lakini nimeweka nadhiri: sitautuma tena mwili huu ukanitetee mbele za watu. Ukitaka kukaa, tutakaa.