Mkia wa Mbuzi wa Mnadani

Ujinga nilioanza nao ni kuukata mkia wa mbuzi aliyetundikwa kwa mchoma nyama, kwa kisu chake mwenyewe, nikautia kwenye mfuko wa kaptula. Hadi leo nikitoka shule nikanusa moshi wa mnada wa mifugo wa Karatu, bado nausikia ubaridi wa ule mkia pajani.

Tulikuwa watoto watatu, tumefuatana na mama yangu kula nyama. Yeye akaenda kuchagua vitunguu, sisi tukabaki na sahani yetu, chumvi na pilipili pembeni.

Pale mkia huachwa ili mteja ajue anakula mnyama gani. Mzee mmoja wa shuka jekundu akamzunguka yule mbuzi mara mbili.

“Mkia uko wapi?”

“Ulikuwepo, mzee wangu.”

“Kwa hiyo umetembea.”

Mtu akataja mbwa. Rafiki yangu mmoja akatema nyama. “Oya, tumekula nini?” Wateja wakaondoka mmoja mmoja, mchoma nyama akiapa huku jasho likimtoka. Mimi nikaingiza mikono mfukoni, nikaubana ule mkia.

Mama akarudi, akawasikiliza wote. Hakumtazama mbuzi kabisa. Alinitazama mimi.

“Toa mikono mfukoni,” akasema.