Uzi wa Saba wa Litungu

Ukiniuliza napenda muziki gani, nitaanza kukutajia hoteli. Ya kwanza ilikuwa Bungoma mjini, mlango wa tatu kutoka msikitini. Mwenye hoteli alikuwa Mwislamu mpole mwenye tumbo la kutosha, ambaye babu zake walitoka pande tatu tofauti na yeye akaamua kuwa mtu wa Bungoma. Juu ya kabati la mandazi aliweka redio ya kanda. Mchana kutwa alicheza rumba, taarabu, na zile nyimbo za gitaa za huku kwetu ambazo mmoja hupiga nyuzi na mwenzake hugonga chupa ya soda kwa msumari. Adhana ikianza, alizima redio kwa kidole kimoja bila kugeuza kichwa, nasi tukanyamaza na vikombe mkononi, waliokuwa wa dini yake na tusiokuwa, mpaka imalizike.

Mimi ni mtoto wa kinanda cha kanisani. Siku moja nilimwambia kwamba wimbo ule wa alasiri naupenda kuliko kanda zake zote.

"Huo si wimbo, bana," alisema, akinipangusia meza. "Huo ni mwito. Wimbo ni hii yangu ya hapa juu."

Nilikubali kosa, lakini sauti ya muadhini yule nilikwenda nayo nyumbani. Niliitafuta kwenye kinanda jioni nzima. Nikibonyeza hapa, yeye amepita juu kidogo. Nikibonyeza pale, amebaki chini. Alikuwa akitembea katikati ya vidole vyangu, mahali ambapo kinanda hakina kitu. Wakati huo tayari nilikuwa na tabia ya kuandika mambo ya muziki katika madaftari ya shule, basi nikaandika: kuna sauti zinazokaa katikati. Nikapiga mstari chini yake mara mbili, nikajiona mtu wa maana sana. Kumbe sikuwa nimeelewa chochote.

Baadaye nilihamia Kitale, miaka ile ya elfu mbili na kitu, tulipokuwa bado tunanunua kanda huku watu wakituambia zimekwisha. Kitale ya kumbukumbu yangu ina ukungu wa asubuhi na harufu ya mahindi mabichi, na kila kitu ndani yake kinakwenda polepole, hata mimi. Nilipiga kinanda katika bendi ya watu wanne kwenye bustani ya hoteli moja, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Familia zilikuja zimetoka kanisani. Watoto walilala kwenye nyasi, wazee walivua koti, na rumba yetu ilipita juu yao taratibu. Siku za katikati ya wiki nilikwenda makumbusho ya mji kutazama litungu lililowekwa nyuma ya kioo, nyuzi zake zote zimelegea. Nilikuwa nasimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunisalimia kama jamaa.

Litungu nililijua kwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye kwetu tunamwita khocha. Ni bakuli la mti lililofunikwa ngozi, lina mikono miwili na kijiti kinachovuka juu, na kwenye kijiti hicho kila uzi umezungushiwa kitambaa. Ukisokota kitambaa, uzi unapanda. Ukikilegeza, unashuka. Khocha alikuwa na nyuzi saba na vitambaa saba vilivyokatwa kwenye leso moja kuukuu ya maua mekundu. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga posho huko Sirisia, na siku za soko, mashine ikipumzika, alikaa barazani mweupe kwa unga kutoka kichwani hadi miguuni akapiga. Wanawake waliweka debe zao chini. Nikiulizwa ukumbi niupendao kuliko kumbi zote, ni ile baraza, na viti vyake ni magunia.

Alikuwa mtu wa majigambo na soda nyekundu, hakuwa na hekima yoyote ya kunigawia. Alinitania kwamba kinanda changu ni sanduku la kelele linalokula umeme. Lakini akianza kupiga, nilikuwa najisikia kama mtu aliyesinzia juani, anayesikia watu wake wakiongea chumba cha pili. Hadi leo sijapata muziki mwingine unaonifanya hivyo.

Sasa, mwenye hoteli ya Kitale alitaka kitu cha kienyeji kwa ajili ya wageni. Nikasema nina mjomba. Khocha alikuja Jumamosi, amevaa suti na litungu limefungwa ndani ya shuka, na tulipojaribu pamoja mambo yakawa mabaya. Kila uzi wake ulikuwa kando kidogo ya kinanda changu. Mpiga gitaa alikunja uso. Khocha hakuona shida yoyote, alisema sisi ndio tuko kando.

Jumapili asubuhi alikwenda sokoni kutafuta viatu vya mitumba. Litungu lilibaki kwangu, juu ya kitanda. Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho mtu asiyejua kinanda asingeweza kukifanya, na mtu aliyelielewa litungu asingethubutu. Nilikaa chini, nikabonyeza kinanda, nikasokota kitambaa cha kwanza mpaka uzi ukakubaliana na sauti ile. Halafu cha pili. Nilifanya vyote saba. Nilikuwa nikipiga mluzi. Niliona namsaidia, kama vile ningemnyooshea kola ya shati kabla ya picha.

Khocha alirudi na viatu vyake, tukaenda bustanini. Alipanda jukwaani akatabasamu kwa watu, akapitisha vidole mara moja. Akapitisha tena. Kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi zote, kama unavyomnyamazisha mtoto, akaniangalia.

"Nani ameguza hii?"

"Ni mimi, khocha. Nimeiweka sawa na kinanda."

Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. "Hii si yangu, bana," alisema. "Umefanya ikuwe ya mtu wa mjini." Akashuka na litungu lake, akaomba soda, akainywa amesimama. Sisi tukapiga rumba, na siku hiyo hata mimi mwenyewe sikuisikia.

Nilidhani atalirudisha mwenyewe katika sauti zake za zamani akifika nyumbani. Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Sirisia nikalikuta limetundikwa limegeukia ukuta, ngozi yake haionekani. Ndipo aliponieleza, kwa hasira kidogo na kwa aibu nyingi. Mashine ya posho ilikuwa imekula masikio yake. Sauti za juu hazisikii tena vizuri, na miaka hii yote alikuwa akisokota uzi mmoja tu kwa wakati, ule uliolegea, akiupima kwa wenzake sita ambao hawajasogea. Ilikuwa kama watu saba wanaoshikana mikono: mmoja akianguka wengine wanamwinua. Mimi niliwaangusha wote asubuhi moja.

"Lakini khocha, mwanzoni kabisa uliziweka vipi?"

"Mwanzoni?" Akapangusa unga usoni. "Mwanzoni ni zamani. Si ulikuwa hata hujazaliwa?" Na akarudi kwenye mashine yake.

Nilikuwa na kanda moja niliyomrekodi barazani. Nilienda nayo Bungoma, kwa rafiki yangu wa mlango wa tatu kutoka msikitini, kwa sababu redio yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alicheza kidogo, akasimamisha. Betri zilikuwa zinaisha siku niliporekodi, alisema, kwa hiyo kila kitu kimepanda juu na kinakwenda mbio. Ni kweli, khocha alisikika kama panya mwenye furaha. Nilikaa pale nimeshika kikombe cha chai iliyopoa, na nakiri machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeharibu kitu nilichokipenda kuliko vyote, na nilikiharibu kwa usafi wa moyo, jambo ambalo halipunguzi chochote.

"Wewe unatafuta kwa mashine," mwenye hoteli aliniambia. "Mtu haweki nyuzi hewani. Anaweka kwa sauti ya mtu. Uliza ni ya nani."

Nilimuuliza khocha kwa simu ya jirani yake, nikipiga kelele. Nikasikia mashine ikizunguka kwa mbali. Kisha akasema, "Ni ya mama yako."

Mama yangu anaishi Myanga, ana shamba, na ameokoka tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kumsikia akiimba kitu kisicho cha kanisa. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye turubai, nikakaa tukapukuchua wote, na nikamweleza kosa langu lote toka mwanzo. Aliendelea na kazi. Kwamba aliwahi kuzunguka na kaka yake kwenye harusi mpaka Lwakhakha, yeye akiimba na kaka akipiga, hilo alilisema huku akitazama gunzi.

"Hizo mambo nilizitupa."

"Najua, mama."

"Sikuzitupa ati kwa sababu ni mbaya. Nilizitupa kwa sababu nilikuwa nazipenda sana." Akatupa gunzi. "Amegeuza litungu ukutani?"

"Ndiyo."

Alipukuchua mahindi mengine mawili. Mlio wa punje zikianguka nauandika hapa miongoni mwa muziki niupendao, kwa sababu nilikuwa nangoja nao. "Tutaenda Jumatano," akasema. "Naenda kwa ajili ya ndugu yangu. Si kwa ajili ya wimbo, usiandike hiyo kwa kitabu yako."

Nimeiandika, mama. Nisamehe.

Jumatano mashine ilizimwa mapema. Walikaa barazani, kaka na dada, juu ya magunia, mchana ule wa jua lisilo kali, na unga ukielea hewani bado. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu usichana wake. Khocha aliegemeza mkono wa litungu kwenye taya lake, mfupa kwa mti, ili asikie kwa meno kile ambacho masikio hayampi. Mama alifumba macho. Akaanza chini kabisa, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yake, sauti isiyokuwa ya kanisani, pana na yenye mchanga kidogo. Khocha akasokota. Mama akashikilia pale pale, akasubiri, kaka akaitikia kwa kichwa, wakapanda kwenye uzi wa pili.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi bila kinanda na bila daftari. Wa tatu ulipita karibu na mahali nilipokuwa nimeuweka mimi, halafu ukaacha hapo ukasogea, na niliposikia unasogea nilijua ndiyo ile njia ya muadhini, ile ya katikati. Ukaja wa nne, na wa tano. Wa sita ulichukua muda, mama akakohoa akarudia. Yule mtu aliyeondoka Kitale bila kupiga alikuwa sasa anatabasamu na meno juu ya mti.

"Iko chini kuliko zamani," alisema.

"Na mimi niko chini kuliko zamani," mama akajibu. "Unataka nini?"

Wa saba ulikuwa uzi wa juu kabisa. Mama alivuta pumzi akapanda, na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Ikatoka hewa tupu. Mara ya tatu aliweka mkono kifuani, akacheka kidogo, akasema yule msichana hayupo. Nilimwona khocha ameshika kitambaa cha mwisho, anangoja, hasokoti. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo sauti ile. Ilikuwa imekaa ndani ya uzi mmoja tangu mama akiwa msichana, siku zote alipokuwa shambani na kanisani na jikoni akitulea, na ndani ya uzi huo ndimo nilimoitoa, asubuhi ya Jumapili, nikipiga mluzi.

"Khocha," nilisema, "uzi wa saba naukumbuka kidogo. Naweza kukuonyesha karibu yake."

"Karibu yake hapana," alisema, bila ubaya. Akakifungua kitambaa taratibu, uzi ukalegea ukalala juu ya ngozi.

Kisha wakapiga. Mama aliimba chini, kaka akamfuata na nyuzi sita, na wanawake waliokuwa wakipita na debe waliziweka chini. Kila wimbo ulipopanda kufika pale juu, kidole cha khocha kilikwenda kwenye uzi wa saba, kikaugusa nao haukulia, na mama akafunga mdomo kwa muda uleule, halafu wakaendelea. Hawakupatana wafanye hivyo. Pengo lilikuwa refu la kutosha mtu kuvuta pumzi moja, na kila lilipofika nilikuwa navuta.

Litungu lile khocha aliniachia, sasa liko kwangu ukutani, limetazama chumbani. Nimeshalipiga mbele ya watu mara nyingi, na huniuliza kwa nini siukazi ule uzi mmoja. Kinanda kiko hapohapo kando, na najua ni mahali gani pa kubonyeza kupata karibu yake. Sijabonyeza.