Mrija wa Polikarp

Kwa mama Luciana, huku pembezoni mwa mtaa wa Izia, kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwenye chungu kimoja. Wanaume hukizunguka, kila mtu na mrija wake, na mama huongeza maji ya moto juu ya ulezi ladha inapopungua. Polikarp peke yake ndiye aliyekuwa akitengewa kikopo, kule ukutani, tangu kikohozi kimshike. Hakuna aliyemfukuza. Walijisogeza mbali naye tu, kidogo kidogo, na hilo linanikera kuliko kama wangemfukuza.

Ujana wake uliishia Chunya, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lilimpaka nyusi zikawa nyeupe, wenzake wakamtania kwamba amezeeka kabla ya kuoa. Kitambaa cha kufunika pua hakupewa, wala hakujua kukiomba. Dhahabu ikaenda na wenyewe, vumbi akarudi nalo Ufipa.

Hapa mtaani tulimpima kwa macho, tukasema TB. Alimeza dawa zake zote, mara mbili, kifua kikazidi kubana. Mkewe Evodia akaenda Wampembe, ziwani, kununua dagaa, akakaa hukohuko.

Mwezi uliopita daktari mmoja mjini alimwonyesha picha ya kifua.

“Mzee, hii si TB. Ni vumbi la mawe, limetia makovu kwenye mapafu. Kupona hutapona, ila humwambukizi mtu.”

Polikarp alibeba hilo la mwisho tu. Alipanda kwa miguu kutoka stendi akipumzika kila penye kivuli, hakupitia hata nyumbani kwake.

“Isdori, ndugu yangu,” alisema mlangoni kwa mama Luciana, “daktari kasema siambukizi. Ni vumbi.”

Isdori, aliyekuwa nasi chunguni, alitutazama. Ni mtu wa aibu, na siku ile aibu ilifanya kazi nzuri. Akasogeza kigoda chake.

“Basi njoo ukae, kaka. Chungu ni kilekile.”

Polikarp akakaa, magoti yake yakigusa yetu, mama akampa mrija, akautia mdomoni. Sasa, kuvuta kimpumu kunataka uzuie pumzi kidogo, na yeye pumzi ya kuzuia hana. Alivuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akavuta tena, akakohoa. Baada ya hapo aliuacha tu mrija midomoni, akainama pamoja nasi.

“Tamu?” Isdori akamuuliza.

Polikarp akaitikia kwa kichwa. Mrija wake ulikuwa mkavu.