Maneno ya Chiriku

Mtaani walimwita Mama Chiriku, kwa ajili ya binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minane aliyeanza kuongea na mswaki mdomoni asubuhi na kuendelea mpaka usingizi umkate kauli. Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mkono mwepesi, maneno ya kuokoteza. Majirani walitania kwamba mtoto kazaliwa na ndimi mbili, wake na wa mamake.

Jumatatu moja Chiriku akashikwa na homa. Zahanati wakampa dawa, wakasema itashuka. Jumatano mchana mama alikuwa mashineni, sare za shule zimejaa hadi kwenye kiti cha wageni, na mwalimu mkuu keshatuma mtu mara mbili. Mtoto kalala mkekani nyuma yake, anaongea bila kituo. Uzi ulipokatika mara ya tatu, mama akasema bila kugeuka, "Hebu nyamaza kidogo, mwanangu, kichwa kinaniuma."

Chiriku akanyamaza.

Mama akamaliza kola mbili kwa raha zake. Alipogeuka, mtoto hakuamshika. Alifia hospitali Alhamisi. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba kama wangemleta mapema kidogo... Hakumalizia.

Mazikoni mama alijikaza kisabuni. Mumewe, fundi bomba, alilia kwa niaba ya wote wawili. Siri ya neno lile la kumnyamazisha mtoto, mama aliitoa mara moja tu, kwa mdogo wake wa kiume, mtengeneza filamu, walipokuwa wakiosha vyombo baada ya wageni kuondoka. Mdogo mtu akamkumbatia kwa mikono yenye povu. "Hili tunalizika hapa hapa, Dada."

Miaka mitatu baadaye akaja na kazi.

"Ni filamu ya zamani, Dada, enzi za bibi zetu, wakati wa ndui. Nani atanishonea nguo kama si wewe?"

Alishona miezi miwili: magauni ya mikono mipana, suruali za kufunga kwa kamba, vifungo vya mbao. Binti mwigizaji alimpima mwenyewe, na utepe ulipoishia begani pale pale ulipokuwa ukiishia kwa Chiriku, ilibidi atoke nje akanywe maji. Hadithi hakuiuliza. Fundi haulizi nguo inakwenda wapi.

Siku ya uzinduzi alikaa na mumewe safu ya pili. Mama wa kwenye filamu alikuwa mrembo, anasuka mikeka ya kuuza. Bintiye kalala nyuma yake, anasema, "Mama, nikikua nitakununulia macho mapya. Haya yamechoka kunitazama." Yule mrembo, bila kugeuka, akajibu, "Hebu nyamaza kidogo, mwanangu, kichwa kinaniuma."

Ukumbi ukaguna. Mtu wa safu ya nyuma akasonya. "Mama gani huyu?" Kisha vilio vikaanza huku na huku. Mumewe akageuka polepole kumtazama, na alichokiona usoni mwake hakikuhitaji maelezo.

Nje, katikati ya pongezi, alimvuta mdogo wake pembeni.

"Ulisema tunalizika."

"Dada, nimempa mtoto uhai. Maelfu ya watu watamlilia."

"Watamlilia yeye, mimi watanisonya. Litoe."

"Bila neno lile filamu haina moyo."

"Moyo wenyewe ni wangu. Uliniomba lini?"

Wakamwita kupiga picha, akaenda. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo dada mtu alilijua tangu utotoni. Hakujua tu kwamba nguo zenyewe atazishona yeye.

Walipofika nyumbani, mumewe akamgeukia. "Miaka mitatu tunalala kitanda kimoja. Yeye umemwambia, mimi umenificha."

"Ningeanzia wapi?"

"Alikuwa anasema nini, kabla hujamnyamazisha?"

Hapo ndipo palipomchoma. Hakujua. Mashine ilikuwa inanguruma, na masikio yake yote yalikuwa kwenye uzi.

Filamu ikapata tuzo, ikaonyeshwa wiki baada ya wiki. Mdogo wake alimletea bango lake kubwa. Akaligeuza, akachorea vipimo vya kola kwa nyuma. Mumewe hakumfukuza wala hakumgombeza. Alianza tu kwenda ukumbini kila Jumamosi mchana, peke yake. Jumamosi ya nne alirudi macho mekundu, akakaa, akatabasamu kwa namna ambayo mkewe alikuwa ameshaisahau.

"Ile ya macho mapya," alisema. "Mtoto yule! Ndivyo alivyokuwa hasa."

Mama Chiriku alijua maneno yale kayatunga mdogo wake, na kalamu mkononi. Alitaka kumwambia mumewe ayatupe. Lakini akiyatupa yale, yeye atampa yapi?

Akamsogezea chai.