Pini za Mama Akaiti

Ukimtafuta mama mkubwa wangu Akaiti katika picha yoyote ya kijiji chetu, usihangaike na sura. Tazama kifua. Yule mwenye safu ya pini kwenye gauni kama askari mwenye nishani ndiye yeye. Pini za kufunga, pini za kushonea, pini za nywele, zote zilikaa pale, na hapa kisiwani Atiu hakuna aliyekuwa hajui. Sketi ikikukatikia kanisani, ulijisogeza mpaka benchi lake. Ukichomwa na mwiba wa ndimu, ulimpelekea mguu. Mchungaji alipopoteza ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, Mama Akaiti alichomoa pini kichwani, akainyoosha kwa meno, akaanza kulichokonoa kufuli.

"Baba mchungaji, geukia ukutani," alimwambia. "Sitaki ujifunze."

Kufuli likafunguka, tukaimba. Pini hakuwa anaazimisha, alikuwa anatoa. Ukimrudishia, alikuona huna adabu.

Nyumbani kwake pini zilishika pazia, zilishika chandarua, zilizibua jiko la mafuta. Mlango wa mbele aliufunga kwa pini moja nene, iliyopenyezwa kwenye pete ya komeo. Kufuli hakulitaka. Ukiikuta ile pini mlangoni, ulijua ametoka kidogo tu, ukaichomoa, ukaingia kumsubiri.

Binti yake, Teuira, aliolewa ng'ambo, Auckland, na huko akamzaa Maara, mjukuu pekee. Nywele za Maara hazikuwahi kuguswa na mkasi, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa kiume, na sasa zilikuwa zimemfika kiunoni. Siku ya kukatwa mtoto hukalishwa kwenye kiti kilichotandikwa tivaevae, shuka yetu kubwa ya maua, ndugu wakapita mmoja mmoja, kila mtu na fungu lake la nywele. Teuira alisema kwenye simu, "Krismasi tunakuja, mama. Atakatwa huko nyumbani, juu ya kazi ya mkono wako." Tangu siku hiyo mama mkubwa hakuwa na habari nyingine.

Alikunja kitambaa cha kijani, akakikata majani ya shelisheli bila kuchora, akakifungua juu ya kitambaa cheupe kwenye sakafu ya ukumbi wa wanawake. Yalikuwa majani ya kukufanya usikie njaa. Akayashika kwa pini pande zote.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe kila mwanamke wa hapa analijua. Kwa hewa yetu hii ya chumvi huchomeki pini mpaka wapiga bandi, wale wa kushikiza vitambaa kwa mishono mirefu, wamekaa chini, sindano mkononi, kwa sababu pini ikilala kwenye kitambaa inashika kutu. Lakini yeye alikuwa na hakika na watu wake. Kikundi chetu kilikuwa kimebaki wanawake watatu: yeye, Mama Ngapoko na mimi. Wiki ileile mtoto wa Ngapoko akaja kumchukua, eti figo zake zikatibiwe Auckland. Auckland inatumeza sisi, na haishibi. Ngapoko alilia uwanja wa ndege mpaka ei ya maua aliyovikwa shingoni ikalowa.

Tukabaki wawili. Mimi nashona kama mtu anayefunga gunia la taro. Mama mkubwa alikuwa akifumua kila nilichoshona.

"Vaine, mwanangu," alisema, "hebu nenda kapike. Huku unaniongezea kazi."

"Basi toa pini, mama. Zitakuharibia kitambaa. Tusubiri Ngapoko apone."

"Nikizitoa, nitakuwa nimesema haiwezekani. Unataka niseme hivyo?"

Nikaenda kupika. Lakini kitambaa kikubwa namna ile hakipigwi bandi na mtu mmoja. Ukivuta huku, kule kunahama. Kila kilipohama aliongeza pini. Za kifuani zikaisha. Dukani hazikuwepo, meli ilikuwa bado imekwama Rarotonga. Akaanza kuzichomoa nyumbani: ya pazia, za chandarua, za nywele zake. Jumapili akaja kanisani na nywele zimeshuka mabegani, gauni limemwachia begani, na mtoto wa kwaya alipomjia kuomba pini, mama mkubwa akasema, "Sina." Benchi zima liligeuka kumtazama.

Mwisho akaichomoa na ya mlangoni. Kisha akaja kwangu.

"Vaine, naomba ile pini yangu kubwa."

"Ipi?"

"Ya banda la nguruwe."

"Mama, ile ndiyo inayoshika mnyororo. Nguruwe watatoka."

"Watarudi wakisikia njaa. Maara atakatwa nywele mara moja tu."

Nilimpa, na nilikasirika, sitaficha. Nguruwe wangu walikula taro ya jirani nikatukanwa mimi. Yeye akazunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akidai vitu alivyokuwa ametoa kwa moyo wake. Watu walimpa huku wakicheka. Kitambaa chake kikawa kizito kwa chuma.

Nikamuuliza, "Sasa mtoto atakaa juu ya pini zote hizo?"

"Atakaa kwa adabu," alinijibu, akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Siku ya ndege alitangulia uwanjani kabla hata ya wazima moto wa uwanja. Alishika mkasi uliofungwa utepe. Teuira alishuka kwanza, amenenepa, hatutazami machoni. Nyuma yake Maara, na kofia ya michezo kichwani.

Mama mkubwa alimbusu, kisha akamvua ile kofia polepole. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kama ndimu.

"Wakwe walitaka akatwe kule," Teuira alisema. "Ndugu wote wapo kule, mama. Ngapoko pia alikuja. Huku nani amebaki wa kushika mkasi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga simu. Kila nikipiga unaniambia habari za majani ya shelisheli. Ningesemaje?"

"Na nywele zenyewe?"

"Kila aliyekata aliondoka na fungu lake."

Mama mkubwa alimvika Maara kofia, akaiweka sawa. "Karibu nyumbani, baba yangu," alimwambia mtoto. Maara akauliza kwa Kiingereza kama kuna intaneti.

Walikaa mpaka mwaka mpya, wakaondoka. Ndipo mama mkubwa akapiga magoti ukumbini na kuchomoa pini, nami nikimsaidia. Nyingine zilitoka na nyuzi. Tuliponyanyua kitambaa cha kijani, kile cheupe cha chini kilikuwa na madoa ya kutu kuzunguka kila jani, mstari mzima haukukosa hata ncha. Nililia. Yeye alikikunja tu, akasema kinamtosha kuzikiwa.

Kisha akarudisha pini, nyumba kwa nyumba. Ya mchungaji, ya mtoto wa kwaya ambaye hata hakuwa amepewa, za wanawake wote. Yangu aliileta mwisho.

"Kafunge nguruwe wako."

Nilitazama kifua chake. Hakikuwa na pini hata moja. Ng'ambo ya barabara mlango wake ulikuwa ukijipigapiga kwa upepo.

"Na ya mlangoni, mama?"

"Ya nini?" alisema. "Wa kuja ameshakuja."