Jumamosi za Animation

Serikali ilipochukua shule za misheni, sista aliyeongoza gardienne yetu, shule ya watoto wadogo pale Tshopo, alifunga sanduku akaondoka. Nikaambiwa nishike nafasi yake. Nilikuwa mdogo kuliko walimu wenzangu watatu, na hao ndio walionifundisha kazi: kufuta makamasi, kugawa uji, kumtuliza mtoto anayemlilia mama yake mlangoni. Sasa walipaswa kuniita citoyenne directrice, yaani raia mwalimu mkuu.

Sikuweza kutulia. Nilizunguka darasa hadi darasa, nikachungulia madirishani, nikapanga viti vilivyokwisha pangwa. Mkubwa wao, mama aliyetoka Yanonge tuliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, aliniambia kwamba kila nikipita, watoto wake wanaacha kuimba wananitazama mimi. Nikaomba radhi. Kesho yake nikapita tena.

Kisha akaja bwana wa chama tawala. Alisema watoto wote, hata wa miaka mitatu, watacheza animation kila Jumamosi kwenye kiwanja cha chama: ngoma na nyimbo za kumsifu Kiongozi. Jumamosi ya kwanza jua liliwaka, na hotuba hazikuisha. Wadogo walijikojolea wakiwa wamesimama. Mmoja akaanguka. Yaya alimfunga mgongoni kwa kikwembe akarudi naye shuleni, bila kumwomba mtu ruhusa.

Wiki nzima nilitunga amri kichwani na kuzifuta. Ijumaa, watoto walipokwenda nyumbani, niliwaita walimu. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, nikawauliza tufanye nini. Yaya akasema sista hakuwahi kuwauliza kitu. Baada ya hapo wote wakasema kwa pamoja. Mmoja, ambaye mumewe alikuwa karani wa serikali, aliogopa mume atafukuzwa kazi. Mwingine alisema wale watoto wakubwa wanapenda kucheza, yeye atawapeleka. Tukapatana hivyo: wa miaka mitano waende, wadogo wabaki, na tukiulizwa nijibu mimi.

Kesho yake, Jumamosi, bwana yule alifika mwenyewe shuleni. Aliuliza wale wadogo wako wapi. Mimi, niliyepaswa kujibu, nikaanza kupanga viti.

Yaya alisimama mlangoni. "Batoto banalala, citoyen," akasema. "Ukibaamusha, batalia mbele ya bakubwa."

Bwana alichungulia. Kwenye mikeka, wengine walikuwa wamelala kweli, wengine wakimkodolea macho. Akaniuliza nani ametoa amri hiyo. Kabla sijasema, yule mke wa karani, aliyekuwa ameogopa kuliko sisi sote, akasema kwa sauti ndogo, "Tulipatana sisi bote."

Bwana akasema atapeleka habari juu, akaondoka.

Tangu siku hiyo kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinipeleka dirishani. Nilingoja kuitwa. Mvua zilikuja, zikaisha, na hakuna aliyeniita. Mwishowe tulisikia bwana yule amehamishiwa Basoko. Aliyechukua nafasi yake hakuuliza habari za wadogo.

Mikutano ya Ijumaa iliendelea. Mara nyingine nilichelewa nikakuta wenzangu wamekwisha kata shauri, na Yaya akanieleza tu waliloamua. Hilo nalo lilinisumbua, muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, mpaka nikalizoea.