Saba Imejirudia

Juzi, kwenye saluni moja pale Voi, nilimwona msichana akicheza sudoku kwenye simu huku akisukwa, na pua yangu ikajaa harufu ya omena.

Shangazi Wakesho ndiye aliyenifundisha mchezo huo kule Sagalla, kwenye gazeti lililofungiwa omena, tukingoja maji. Mitungi ilipanga foleni mbele ya mfereji kwa niaba yetu, kila mmoja umeandikwa kwa rangi nambari ya nyumba, nasi tukaketi kivulini.

"Kwa mstari mmoja nambari haijirudii," alisema Shangazi. "Ikijirudia, umeharibu yote."

Niliinua macho. Saba ya Mama Mghoi ilikuwa mbele, katikati, na tena nyuma. Nilishangaa watu wazima wanaketije tu wakilitazama kosa kubwa hivyo! Nikaenda nikaiburuta mitungi yake miwili hadi kwenye majani.

"We mtoto! Nani amekutuma?" Mama Mghoi alifoka.

"Saba imejirudia," nikamjibu kwa adabu.

Mzee wa mfereji, aliyemwogopa mama huyo kuliko ukame, akakohoa kidogo. "Ni kweli," akasema. "Imejirudia." Foleni nzima ikapiga makofi, na siku hiyo hata wa mwisho alipata maji.

Leo najua sudoku haina habari na mitungi. Lakini Krismasi iliyopita nilipanda Sagalla, nikashuka mferejini na mitungi miwili ya Shangazi. Mwenye funguo siku hizi ni Mama Mghoi. Aliitazama, akanitazama, akatabasamu.

"Imejirudia," akasema.